Namba Juu ya Vifuniko

Kwa miaka kumi na mmoja niliwafundisha wanafunzi wangu sheria moja ya kuchota maji kisimani: namba iandikwe juu ya kifuniko, si ubavuni mwa chupa. Sababu ilikuwa wazi. Mikono ya mchotaji huwa imelowa, na wino wa ubavuni hufutika kabla hajarudi garini. Wanafunzi walinitania kwamba siku nikifa, hata jeneza langu wataliandika namba kwenye kifuniko.

Safari hiyo nilikuwa na wawili. Mmoja tulimwita Kipimo, kwa sababu hata sukari ya chai aliisawazisha kwa kisu. Mwenzake tulimwita Wakili. Hakukuwa na jambo alilolikubali bila kulibishia. Tulikuwa tunapeleka chupa thelathini kwenye chuo tunachoshirikiana nacho, chenye mashine ya kupima floraidi, madini ambayo yakizidi majini huharibu meno na mifupa ya watoto. Mwaka uliotangulia tuliwatumia chupa arobaini kwa gari la mizigo. Wao walipima, sisi tukaandika ripoti. Kwa ripoti ile visima tisa vilifungwa, thelathini na kimoja vikaachwa wazi. Sasa tulikuwa tunakwenda wenyewe kwa mara ya kwanza. Kesho yake, saa tano asubuhi, wakuu wa vyuo viwili wangetia saini mkataba wa awamu ya pili ya utafiti.

Njiani tulisimama kwenye shule anayoiongoza mdogo wangu. Kisima cha pale ni namba kumi na mbili, kimojawapo cha vilivyoachwa wazi. Mwanawe wa miaka mitano alinikimbilia, mdomo wazi.

"Mama mkubwa, jino limetoka!"

"Umelipeleka wapi?"

"Nimelimeza."

"Kwa maji ya kisima chako," mdogo wangu alisema akicheka. "Wazazi bado wananiuliza kama ni salama. Nawaambia, dada yangu aliyanywa mbele yenu, glasi nzima, na bado anatembea."

Ni kweli. Siku ya kutangaza majibu nilikunywa glasi nzima mbele ya watoto mia tatu. Walinipigia makofi.

Tulipokuwa tunaagana, Kipimo alichota chupa moja pale kisimani. Hakuniomba ruhusa.

"Ya thelathini na moja, Mwalimu," alisema. "Nataka kuona kama maji hubadilika kwa mwaka."

Maabara ya wenyeji ilikuwa safi kuliko jiko langu. Mkuu wa idara alitupokea mwenyewe mlangoni. Tulisoma pamoja, tukigawana dawati moja kwa miaka mitatu, na mpaka leo ananiita pacha. Aliwaambia wanafunzi kwamba mtihani wa mwisho nilinakili kwake. Niliwaambia kwamba ndiyo maana nilikosa swali la nne. Tulicheka, tukaingia ndani.

Fundi wa maabara, mwanamke wa makamo aliyevaa koti la buluu, alifungua sanduku letu. Alivaa glavu, akafungua chupa ya kwanza, akadumbukiza kifuniko chake kwenye beseni la asidi. Akashika kifuniko cha pili.

"Dada, ngoja!" Kipimo alipiga kelele. "Namba ziko kwenye vifuniko!"

Mkono wa fundi ulisimama hewani. "Hapa vifuniko vyote huoshwa kwanza, mwanangu. Uchafu hukaa kwenye kifuniko. Namba huandikwa kwenye chupa."

"Kwetu huandikwa juu."

"Basi bahati yenu mmekuja wenyewe."

Wakili alicheka. "Dada, ulitaka kutumaliza mchana kweupe." Kisha kicheko kikamkatikia. Alilitazama beseni, akanitazama mimi. "Mwalimu, na zile za mwaka jana?"

Nilimgeukia fundi.

"Nilizifungua hivihivi," alisema taratibu.

"Namba hukuziona?"

"Niliziona. Chupa zilikuwa zimeshatumika, nikadhani ni alama za zamani. Nilichukua orodha iliyokuwa sandukuni, nikazipa namba kwa jinsi zilivyokaa, kuanzia kona ya kushoto. Kwani hazikuwa zimepangwa?"

Sanduku lile nililifunga mimi. Chupa nilizipachika palipoenea, kubwa chini, ndogo juu. Sikuona haja ya kuzipanga, maana namba zilikuwa kwenye vifuniko.

"Tupimie ya thelathini na moja," nilisema.

Kikomo cha usalama ni miligramu moja nukta tano kwa lita. Katika ripoti yetu, kisima namba kumi na mbili kilikuwa na sifuri nukta sita. Mashine iliandika sita nukta mbili. Fundi aliisafisha, akapima upya. Sita nukta tatu.

"Labda maji yamebadilika," alisema Kipimo. Alikuwa ananifariji, na hakuwa na kipaji cha kusema uongo.

"Si mara kumi," nilimjibu.

Pacha alinishika mkono, akaniingiza ofisini kwake, akafunga mlango wa kioo.

"Chupa moja si utafiti," alisema. "Unalijua hilo kuliko mimi."

"Nalijua."

"Basi kesho tusaini. Wiki ijayo tunavipima upya vyote arobaini, kimyakimya, kisha tunatoa masahihisho kama watu wenye akili. Ukilisema leo, awamu ya pili imekufa. Na ikifa, nani atavipima hivyo visima? Hawa watoto wako wawili watahitimu na nini?"

"Hiyo wiki watoto wa shule watakuwa wanakunywa."

"Wamekunywa mwaka mzima, pacha. Wiki moja inaongeza nini?"

Ng'ambo ya kioo, Kipimo alikuwa anafuta chupa moja moja kwa kitambaa kikavu na kuziandika namba ubavuni. Wakili alimshikia orodha. Wote wawili walikuwa wanatuchungulia kila baada ya chupa moja.

"Kesho saa tano nitasimama niwaambie wakuu," nilisema. "Wakitaka kusaini baada ya hapo, wasaini."

"Na leo?"

Nilikuwa nimeshatoa simu. Mdogo wangu alipokea haraka, kwa sauti ya mtu anayetembea.

"Dada! Mmefika salama?"

"Tumefika. Sikiliza, mdogo wangu. Funga kisima."

"Kipi?"

"Chako. Sasa hivi."

Hatua zake zilikoma. "Si uliyanywa mbele yetu?"

"Niliyanywa. Nilikosea."

"Umekosea nini?"

"Nilichanganya chupa." Pacha aliinamisha macho kwenye meza yake. "Waambie wazazi hivyohivyo. Keshokutwa nitakuja kuwaambia kwa mdomo wangu."

"Kwa hiyo tukafungue kile kisima kingine mlichotufungia mwaka jana kule chini?"

"Usikiguse. Sijui kipi ni kipi. Tumieni matangi ya mvua."

"Yako nusu, dada. Watoto ni mia tatu. Na huyu wangu? Lile jino?"

"Lile lililotoka halina neno. Ni yale ambayo bado hayajaota."

Nyuma ya pumzi yake niliisikia pampu ya kisima ikilia, chuma juu ya chuma, na watoto wakisukumana. Kisha nilimsikia akiita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Acheni huo mpini! Wote, tokeni hapo!"

Pampu ikanyamaza.

"Mama," ilisema sauti moja ndogo, karibu kabisa na simu, "mimi bado sijamaliza kunywa."