Talaka ya Kandili

Nyange alimtundikia mkewe talaka asubuhi ya siku ya kura, barazani, mbele ya wageni, chai ya watu ikiwa bado moto vikombeni.

Wageni wenyewe walikuwa wakubwa wa chama cha Kandili kutoka mjini Chake, wawili, wamekuja kijijini Ole kuhakikisha watu wao wanatoka mapema. Nyange ni katibu wao wa tawi. Katika kuzungumza, mmoja akatia utani: "Katibu, unatuhimizia watu wa nje, na ndani mwako je? Si mashemeji zako wote ni wa chama cha Ufunguo?" Wakacheka. Utani wa kupita tu, mtu mwenye akili angelicheka akaendelea na muhogo wake. Lakini Nyange akikaa na wakubwa, akili huiweka kando. Akapaza sauti ili Mize, aliyekuwa nyuma ya mlango na birika mkononi, asikie vizuri.

"Wallahi, Mize, ukitoka skuli leo bila ya kuipigia Kandili, umeachika."

Hata wageni waliona haya. Mmoja akasema, "Ah, katibu, hayo tena hayakuwa na haja." Hayakuwa na haja, lakini yameshasemwa, na talaka haina mzaha, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Mize aliweka birika chini. Miaka zaidi ya ishirini amekaa na mtu huyu, amemzalia, amemuuguza, na leo amefanywa kitu cha kumpatia sifa mbele ya watu wa Chake asiowajua hata majina. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa moto. Alivaa buibui lake akatoka kwa mlango wa uani.

Kabla hajafika skuli, habari ilikuwa imeshamtangulia. Kaka yake Himid, baba mmoja mama mmoja, alikuwa amesimama njiani anamngoja. Himid ndiye mkubwa wa Ufunguo hapo kijijini, na asubuhi ile uso wake ulikuwa umekunjuka, utasema kapata mwana.

"Nimesikia alichokwambia huyo mumeo," alisema. "Sasa ndiyo wakati wa kumuonesha. Tupe sisi kura, akuache, urudi kwenu kwa heshima zako. Lakini ukiwapa wao, Mize, kwetu usikanyage. Hata nikifa usije."

"Na mie unaniuliza lini, kaka?"

"Nikuulize nini?"

"Ninachokitaka."

Himid alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. "Utake nini tena? Ama hao, ama sisi."

Mize akampita. Huyu mmoja anamtoa nyumbani kwa mume, yule mwengine anamtoa nyumbani kwa baba, na wote wawili wanasema wanampenda. Sasa hapo mtu aseme nini?

Kando ya skuli ya Ole pana kiwanja, na kiwanjani pana mawe mawili ya msingi. La kwanza aliliweka waziri wa Kandili, siku hiyo watu walipikiwa biriani. La pili aliliweka mwakilishi wa jimbo, mtu wa Ufunguo, akasema lile la kwanza lilikuwa la uongo na hili ndilo la kweli. Yote mawili yameandikwa kwa herufi za dhahabu: Wodi ya Wazazi. Wodi yenyewe haipo. Wapo mbuzi, wanalala hapo.

Mwaka uliopita Mardhiya, binti pekee wa Mize, alishikwa na uchungu mchana wa jua kali. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, mkunga akasema huyu ni wa spitali, Chake, tena sasa hivi. Nyange mwenyewe, kwa miguu yake, alikimbilia maskani ya Kandili, kijiwe cha wanachama, ambako gari ya chama ilikuwa imeegeshwa na vipaza sauti vyake juu. Dereva akamwambia petroli ni ya mkutano. Mize akakimbilia kwa Ufunguo. Gari ya mwakilishi ilikuwa uani, inang'ara, na ufunguo wake umewekwa na mheshimiwa, na mheshimiwa yuko kikaoni, asisumbuliwe. Basi Mardhiya alibebwa juu ya kitanda cha kamba hadi barabarani, na hapo hapo barabarani, chini ya mwembe wa watu, wanawake wamemzungushia kanga, akazaa mtoto wa kiume. Hakulia mtoto yule.

Na bado hilo siyo lililomvimba Mize kifuani mpaka leo. Kufa kumeandikwa. Lililomvimba ni kuwa kwenye hitima ya mtoto walikuja wote, Kandili na Ufunguo, kwa magari yale yale. Kandili walisema, mnaona kazi ya mwakilishi wenu. Ufunguo walisema, mnaona kazi ya serikali yenu. Wakala wali wakaondoka. Na Nyange, aliyekimbia juani mpaka akapoteza kandambili moja, Nyange aliyenyimwa gari ya chama chake mwenyewe ili imbebe binti yake mwenyewe, wiki ya pili alivaa fulana ya Kandili akenda mkutanoni. Mize alipomuuliza, alisema wakubwa hawakujua. Hawakujua! Na yeye je, naye hakujua?

Ndani ya skuli alipewa karatasi zake, akaingia kwenye kituturi cha kupigia kura, akaziangalia. Kandili na Ufunguo, Kandili na Ufunguo, sura zinacheka kila ukurasa. Kalamu imefungwa kwa uzi. Aliisikia sauti ya mumewe, akaisikia ya kaka yake, na katikati ya sauti hizo akasikia kile kimya cha barabarani, alipokuwa akingojea kilio cha mtoto. Hakuishika kalamu. Alizikunja karatasi zote nyeupe kama alivyopewa, akazitia kwenye masanduku, akachovya kidole wino, akatoka. Alikuwa na hasira ya kutosha kuibeba skuli nzima.

Nyange aliporudi baada ya alasiri alikuta mkewe ameshahamia chumba cha Mardhiya na mto wake.

"Kuna nini tena huku?"

"Talaka yako imeanguka, Baba Mardhiya."

Alikaa kitako juu ya kizingiti. "Umewapa Ufunguo," alisema polepole.

"Sikumpa mtu. Nimezirejesha nyeupe."

Basi hapo yule mtu, badala ya kulia, alicheka kwa kupoa moyo. "Lo, umenitisha bure. Kama hukuwapa wao, si kitu. Nani atajua? Sema umeipa Kandili, yaishe."

"Mie najua," alisema Mize. "Na Mungu anajua. Hukusema nisiwape Ufunguo, ulisema niipe Kandili. Sasa unataka nilale na mtu aliyeniacha, nizini ndani ya nyumba yangu, kwa sababu weye unaona haya maskani?"

Kesho yake asubuhi, matokeo bado hayajatangazwa, waliongozana kwa Shehe Haitham, imamu wa msikiti. Shehe ni mtu wa watu wote, na kwa hiyo anawaogopa wote. Aliwakaribisha barazani kwake, akasikiliza, akajikuna ndevu.

"Bi Mize," alisema, "kura ni siri. Serikali yenyewe imesema ni siri. Huna haja ya kumwambia mtu hayo."

"Siri kwa watu, shehe wangu. Sikuja kuuliza ya serikali. Nimekuja kuuliza kama nimeachika ama sikuachika."

"Nakwambia mwanangu, ukinyamaza, hakuna atakayekuuliza."

"Shehe, kila Ijumaa unatwambia tuseme kweli. Leo Jumatatu haifai?"

Shehe akainamisha kichwa. Kabla hajajibu, Himid huyo, anapanda ngazi na tabasamu lake. Amesikia kuwa dada yake kahama chumba, akajijazia mengine mwenyewe. Alimkumbatia bega mbele ya Nyange.

"Twende zetu, mwanakwetu. Chumba chako nimeshakifagilia. Umetutoa kimasomaso."

"Kaka, sikukupeni nyie pia."

"Vipi?"

"Karatasi nyeupe. Zote."

Mkono ulitoka begani taratibu. Himid alimtazama dada yake, akamtazama Nyange, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi shemeji hao wawili walikuwa na uso mmoja. "Afadhali ungewapa wao," alisema Himid. "Ningejua una upande. Sasa weye ni mtu wa wapi?"

"Wa Ole, kaka. Pale pale ulipozaliwa."

Himid alivaa viatu vyake akateremka ngazi bila ya kuaga. Hilo lilimuuma Mize kuliko lote la siku zile, kwani ndiye aliyemlea alipofiwa na mama, ndiye aliyemfundisha kusoma. Machozi yalimjia. Aliyafuta kwa ukingo wa buibui akamgeukia shehe.

"Haya, shehe wangu. Nambie."

Shehe Haitham alishusha pumzi. Akasema kwamba neno lilikuwa la wazi na sharti limetimia, na shahidi wa kura ni mwenyewe mpigaji, kwa hiyo talaka imepita. Akamuuliza Nyange, "Hii ni ya ngapi?"

"Ya pili," alisema Nyange, sauti chini.

Ya kwanza ilikuwa uchaguzi uliopita, na sababu yake ilikuwa ndoo ya maji. Waandamanaji wa Ufunguo walipita mlangoni na kiu, Mize akawapa maji, Nyange akaambiwa maskani. Mize alikuwa kisimani alipoletewa habari na wifi yake kwamba ameachwa asubuhi na ameshakwisha kurejewa mchana. Aliteka maji akiwa mke, akajitwika akiwa mke, na katikati aliachwa, na yeye hakujua.

"Basi," alisema shehe, na nuru ikamrudia usoni, "talaka ya pili ni rejea. Mke yumo edani, mume ana haki ya kumrejea wakati wowote, hakuna mahari wala ndoa mpya."

"Nimekurejea," alisema Nyange pale pale, kabla shehe hajafunga mdomo.

"Alhamdulillahi," alisema shehe. "Yamekwisha. Nyie huko ndani, tuleteeni kahawa."

Mize aliwatazama wote wawili, wanavyojiweka sawa juu ya mkeka, wanavyofurahi.

"Yamekwisha kwa nani?" aliuliza. "Naachwa sikuulizwa. Narejewa sikuulizwa. Na mie mwenyewe nimekaa hapa hapa, nina macho na masikio. Shehe, sikukatalii sheria, haki yake ni haki yake. Lakini nakuoneni nyote mmejifunza pahala pamoja. Kandili wanatuacha miaka mitano, hatuwaoni hata kwa dawa, halafu uchaguzi ukikaribia wanakuja na kanga na mchele, tumekurejeeni. Ufunguo nao, mwakilishi tuliyemchagua tunamuona kwenye picha, siku zikifika huyo, tumekurejeeni. Na sisi kazi yetu kurejewa tu. Binti yangu amezaa barabarani kama mnyama, na hata mmoja wenu hakusema hapa yamekwisha, tusiwape tena."

Kahawa ililetwa, haikunywewa.

"Imebaki ngapi, shehe?"

"Moja, Bi Mize."

"Moja." Alisimama, akajifunga buibui lake. "Basi, Baba Mardhiya, nakwambia mbele ya shehe, usije ukasema hukujua. Uchaguzi mwengine unakuja, na karatasi yangu itakuwa nyeupe vile vile. Na wa baada yake, nyeupe. Mpaka mwanamke wa Ole azae juu ya kitanda cha spitali."

Nyange aliponyanyua uso, ile sauti ya katibu haikuwamo tena.

"Na wasipoijenga hiyo wodi?"

"Basi usiape, mume wangu."