Mhudumu Aliyefaa Kupita Kiasi

Editha alirudi kutoka semina ya wajasiriamali Dodoma akiwa mtu mpya. Alikuwa amegundua kwamba hoteli yake ya njia panda ya Mkiwa, ambayo miaka yote ilijiuzia chakula tu, haikuwa na maadili ya timu. Wiki hiyohiyo akamwita fundi rangi, na ukutani, juu ya bomba la kunawia mikono, yakaandikwa maneno matatu mekundu: UKWELI, UPENDO, UTUMISHI. Wafanyakazi wakapangwa mstari wayasome kwa sauti. Leonard, mchoma kuku, aliyasoma jicho moja likiwa kwenye mkaa.

Semina ilimfundisha pia kwamba kazi mtu anaweza kufundishwa, lakini moyo anakuja nao kutoka kwao. Kwa hiyo nafasi ya mhudumu ilipotokea, hakutaka kujua nani amewahi kubeba sahani. Aliwauliza waombaji ni neno gani pale ukutani linalowagusa. Mmoja alisema yote. Mwingine alisema upendo, akamtazama Editha kwa upendo uliozidi kipimo. Winfrida, binti wa Kinyangiri, alisema ukweli. Alieleza kwamba baba yake akipeleka mbuzi mnadani huwatajia wanunuzi magonjwa yote ambayo mbuzi huyo amewahi kuugua, ndiyo maana mara nyingi hurudi naye nyumbani.

Editha alifuta machozi. "Huyu ndiye," alimwambia Leonard. "Huyu alizaliwa na maadili yetu."

Sasa, bango la barabarani lilisema Kuku wa Kienyeji wa Singida, na abiria wa mabasi ya Mwanza walishuka kwa ajili ya bango hilo. Kuku wenyewe walikuwa wa kisasa, waliofugwa chini ya taa na shemeji yake Editha kule Mwankoko. Ukienyeji wao ulikuwa kwamba walikulia mkoani. Leonard aliwapaka manjano ngozi ipate rangi, na kila mtu hotelini alilijua hilo. Hakuna aliyeona linahusiana vipi na ukuta.

Siku ya kwanza ya Winfrida, mzee mmoja alishuka kwenye basi, akaonyesha paja la kuku na kuuliza kama kweli ni la kienyeji.

"Hapana, baba," Winfrida alisema kwa utumishi mkubwa. "Ni wa kisasa. Hiyo rangi ni manjano."

Mzee alimshukuru, akawageukia waliokuwa nyuma yake na kuwapa habari. Basi zima likanunua maji na biskuti.

Editha alimwita stoo. Kwa upole wote aliojifunza semina, alimweleza kwamba ukweli ule ni wa ndani ya timu, kwa mfano mtu asichelewe kazini akasingizia msiba. Winfrida alisema ameelewa, ila akiulizwa tena ajibu nini? Acheke tu, aliambiwa. Basi lililofuata, mama mmoja akauliza. Winfrida akacheka. Mama akarudia swali, Winfrida akacheka tena mpaka akaishiwa pumzi, na pumzi iliporudi ilirudi na ukweli.

Jioni kikaitwa kikao. Theresia, mshika kaunta, alisema dada huyu ni mtu mzuri sana, tatizo haendani na maadili ya timu. Vichwa vikaitikia.

"Lipi kati ya yale matatu?" Winfrida aliuliza.

Alikuwa anataka kujua kweli, ajirekebishe. Theresia aliangalia ukuta, kisha akaanza kuhesabu mauzo ya siku. Ndipo Leonard, mikono ikiwa ya njano mpaka kwenye kifundo, akasema taratibu kwamba na yeye amechoka kupaka. Editha akajibu kwamba aliyechoka apumzike.

Wakapumzika wote wawili. Winfrida aliona aibu kurudi Kinyangiri upesi hivyo, na Leonard alijisikia mwepesi mpaka akaogopa. Wakaweka jiko lao ng'ambo ya barabara, kuku wakiletwa na ndugu zake Winfrida kutoka kijijini. Kuku wa kienyeji ni mgumu, na Winfrida hakumficha mteja: atatafuna mpaka Singida mjini. Wengine walicheka wakanunua. Wengi walivuka kwenda kwa Editha, ambako kuku alikuwa laini na wahudumu wapya walikuwa na upendo. Leonard na Winfrida hawakutajirika, ila baadhi ya madereva walianza kupiga simu mapema wawekewe.

Mwezi wa nane, wakwe walileta habari kwamba wanakuja kumposa Eliana, binti wa Editha. Wakwe hawapewi kuku wa kukulia chini ya taa. Editha hakumtuma mtu. Alijitanda khanga mpaka kwenye nyusi, akavuka barabara mwenyewe.

Winfrida alimwamkia shikamoo kama kawaida, na Editha akaitikia marahaba huku akitazama matenga.

"Nichagulie wewe," alisema.

Winfrida alichagua wanono, akawafunga miguu. Editha aliwapokea kichwa chini, akageuka kuvuka upesi, maana basi la Mwanza lilikuwa limeshapiga honi.