Mama Juu ya Kinu

Mama yangu, Nyirasafari, alikuwa mfupi kiasi kwamba akipotea sokoni tulimtafuta kwa kutazama chini. Siku ya kupika pombe ya mtama alipindua kinu, akapanda juu yake kama padri mimbarini, na kutoka huko akaimwaga togwa iliyokwisha kupoa, kibuyu baada ya kibuyu, hadi mtungini. Ilianguka kwa kishindo, ikaumuka povu, ikamrukia magotini. Povu likifika mdomo wa mtungi ndipo alipotia chachu na kufunika kwa majani ya mgomba.

"Mama, unaiadhibu kwa kosa gani?" nilikuwa namtania.

"We cheka tu. Isipoanguka, haiamki."

Mwaka mmoja homa ilimchukua baba. Ikabaki pombe ya kumaliza matanga. Kwa desturi yetu, mpaka ndugu za marehemu wainywe pamoja na mjane, mjane bado yuko kilioni: hajipaki siagi, haendi harusini. Na dada yangu Mukamurenzi alikuwa amekwisha kuposwa. Mama alitaka kitu kimoja tu, kutoka kilioni ili amsindikize binti yake.

Mimi, Viateur, nilikuwa nimemaliza sekondari na kupata kazi katika kiwanda kipya cha bia, upande wa Rubona. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama chupa zikipita na kutoa zenye ufa, lakini nyumbani nilitembea kama mtu aliyevumbua bia. Wiki ya kwanza msimamizi alitufundisha kwamba hewa ikiingia chupani, bia inaharibika. Nikaandika daftarini: hewa ni adui. Nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Mama alipopindua kinu, nikamshika mkono.

"Shuka, Mama. Hewa ni adui."

"Adui ya nani?"

"Ya bia. Bon, ni siyansi hii. Tunamimina polepole, tunafunga, basi."

"Mama yangu alipanda. Na mama yake."

"Na wote walikuwa wafupi! Donc, shida iko kwa familia, haiko kwa pombe."

Alicheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: alicheka, akashuka. "Kaka yako alisoma," alimwambia Mukamurenzi. "Tumuache."

Nikamimina mwenyewe, kibuyu kikigusa ubavu wa mtungi, bila hata kapovu kamoja. Tukatia chachu. Nikafunika, nikakandika udongo pembeni.

Siku ya tatu wageni walifika kutoka Rugerero. Wa kwanza kushtuka alikuwa jirani yetu Dauda, fundi cherehani, Mwislamu asiyewahi kuonja pombe maishani mwake. Alisimama mlangoni akinusa.

"Mama Viateur, unisamehe. Mi sinywi, lakini ukipika, harufu inanikuta kwa mashine yangu. Leo iko kimya."

Baba mkubwa Twagirimana, kaka wa marehemu, alipewa mrija kwanza. Akavuta. Akavuta tena, kama mtu aliyeangusha kitu humo ndani.

"Shemeji," alisema kwa upole, "hii ni togwa ya watoto. Ndugu yangu hatuwezi kumuaga kwa togwa."

Hakuna aliyegomba, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Waliinuka mmoja mmoja. "Ihangane, mama, vumilia. Utapika ingine kwa mavuno." Mtama wote wa nyumba ulikuwa ndani ya mtungi ule.

Nilingoja Mama aninyooshee kidole.

"Mikono yangu imechoka," akawaambia.

Wakwe hawakungoja mavuno. Siku ya harusi Mama alibaki nyumbani, kichwa kimenyolewa, amekaa juu ya kile kinu, akisikiliza ngoma kutoka nyuma ya kilima. Mtama mpya ulipoingia ndani, kifua chake kilikuwa kimeanza kubana, hakuweza tena kupika. Tulimzika akiwa bado kilioni.

Baadaye nilihamishiwa ndani ya kiwanda, kwenye matangi. Asubuhi ya kwanza nikamwona fundi akifungua bomba: hewa ikaingia katika togwa yao iliyopoa, povu jeupe likapanda.

"Hewa si adui?" nikamuuliza.

"Baadaye, ndiyo. Lakini chachu inaipumua kwanza. Ukiinyima inalala."

Wenzangu walinigeukia wakisubiri mzaha. Nilikwenda nje, nikasimama nyuma ya makreti mpaka nilipoitwa.

Mwezi ule mimi na Mukamurenzi tulipika pombe ya matanga yote mawili. Nilipindua kinu. Mimi ni mrefu, sikuhitaji kupanda. Nikapanda. Nikamwaga mpaka suruali ikalowa, na dada yangu chini akishika mtungi.

Siku ya tatu Dauda alifika mlangoni, akanusa, akavua kofia yake.

Baba mkubwa akavuta mrija, macho amefumba.

"Hii ni ya Nyirasafari," akasema.

"Ndiyo, Baba mkubwa," nikamjibu mbele ya wote. "Ile ingine ilikuwa yangu."