Mjomba Anamkimbiza Mjomba

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kazini, na kazi yenyewe ni hii hii ninayoifanya mchana: naongoza filamu yangu ya kwanza ndefu.

Filamu inaitwa Mwizi wa Sofa. Ni vichekesho vya uhalifu. Mwizi mmoja mzembe anaingia kwenye nyumba hapa Morogoro, anabeba sofa mgongoni na kuondoka nalo, bila kujua kwamba bibi mwenye nyumba amelala juu ya sofa hilo hilo. Askari anamkimbiza mtaa mzima. Bibi haamki.

Mwizi anachezwa na mjomba wangu, Evarist. Askari naye anachezwa na mjomba Evarist, maana fedha ya mtu wa pili haikuwepo. Tulipanga tumpige picha akiwa mwizi, tumbadilishe nguo, tumpige tena akiwa askari, halafu tuunganishe. Mjomba ni mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya parokia. Hajawahi kuigiza maishani. Tena ana matatizo ya moyo, na daktari alishamkataza kukimbia. Nilipomweleza kuhusu sini, kile kipande cha kukimbizana, alicheka.

“Mimi nitakimbia polepole, mama,” aliniambia. “Hiyo kamera yako ndiyo iende haraka.”

Sini hiyo ilikuwa tuipige leo. Nililala nayo kifuani.

Basi, kwenye ndoto tuko barabara ya vumbi pale Kichangani, jua linawaka. Milima ya Uluguru ipo, lakini imetugeuzia kisogo. Pembeni kwenye kigoda amekaa Bajeti. Siku zote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba bajeti yetu ni ndogo, na kweli ni ndogo: ananifika magotini. Amevaa suti ya kahawia, ameshika mfuko wa rambo mtupu.

“Ukikata, nachukua,” ananiambia.

“Unachukua nini?”

“Kilichokatwa.”

Sikumwelewa, na sikuwa na nafasi ya kumwelewa. Mwanga ulikuwa mzuri.

“Kimya!” napaza sauti. Kimya kinakuja. Ndege juu ya waya wanafungua midomo na hakuna kinachotoka. Mama mmoja anatwanga ng'ambo ya barabara, na mchi wake unashuka kwenye kinu kama unashuka kwenye pamba.

“Kamera?”

“Nipo.”

Aliyejibu si Hidaya, mpiga picha wangu. Imejibu kamera yenyewe, kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

“Kabla hatujaanza,” inasema, “huyu mtu wenu ana mioyo mingapi?”

“Mmoja.”

“Wa mwizi au wa askari?”

Nikaona hilo ni swali la kijinga. Nikasema, “Eksheni!”

Mjomba anatoka mlangoni na sofa mgongoni, bibi anakoroma juu yake. Kwenye mlango uleule, nyuma yake, anatoka mjomba tena. Amevaa magwanda, kofia imekaa upande, filimbi mdomoni.

“Hidaya,” nasema, “unaona wangapi?”

“Wawili.”

“Tulichukua wangapi?”

“Mmoja.” Anaendelea kupiga picha.

“Simama, mwizi!” anasema mjomba.

“Siwezi, sijaambiwa,” anajibu mjomba, na anaongeza mwendo.

“Jamani, msisumbuke,” linasema sofa. “Mimi sijaibiwa. Nahama.”

Nacheka. Naona filamu yangu inakwenda vizuri. Kisha namtazama mwizi usoni, naona hahemi hata kidogo, na namtazama askari, naona anahema kwa ajili ya wawili. Pumzi anayoivuta mmoja inatoka kwa mwenzake. Kicheko kikaniishia.

“Kata!” nikasema.

Ukasikika mlio kama wa panga likipita kwenye muwa. Barabara ikakatika upande wa kulia, imekatwa vizuri kama kipande cha mkate, na ng'ambo ya hapo hakuna kitu: hakuna giza wala mwanga, wala yule mama na kinu chake. Bajeti akainama, akakiokota kipande kile, akakitia kwenye rambo. Aliponyooka alikuwa ananifika kiunoni.

Wale wawili hawakusimama. Barabara imekwisha, kwa hiyo sasa wanakimbia kanisani, katikati ya mabenchi, na sisi tumo ndani na vifaa vyetu. Kwaya inaimba. Besi haipo, na wimbo unachechemea. Wanakwaya wanawatazama wanaopita, hakuna anayeacha kuimba.

“Skola,” Hidaya ananiita. Ameacha kuangalia kwenye kamera. “Skola, mtazame mjomba midomo, inakuwa ya kiji—”

“Kata!” nikasema. Lilinitoka tu, kwa mazoea.

Sentensi ya Hidaya ikakatika palepale. Ikadondoka sakafuni, na sauti yake yote iliyobaki ikadondoka nayo. Alifungua mdomo, akaufunga, akashika koo. Bajeti alishafika. Aliikusanya kwa mkono wake wa kulia, taratibu, kama mtu anayeokota mchele. Safari hii aliponyooka ikabidi niinue kichwa kumtazama.

“Asante,” alisema. “Bado moja.”

“Moja ya nini?”

“Kila sini huisha kwa kata. Na anayekatwa mwishoni ni aliyeko katikati ya fremu.”

Nikatazama katikati ya fremu, nikamwona mjomba. Nikauziba mdomo wangu kwa mikono miwili.

Sasa sini haiwezi kuisha. Tupo hospitali, kwenye korido ndefu yenye milango ya kijani, na wao wanakimbia, na korido inaongezeka mbele yao kadiri wanavyoikanyaga. Midomo ya mwizi imekuwa rangi ya majivu. Midomo ya askari pia. Filimbi inalia kila askari anapotoa pumzi, nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Kwenye mlango mmoja amekaa daktari wa mjomba, anamenya chungwa.

“Nilimkataza kukimbia,” anasema.

“Daktari, nakuomba, mwambie asimame!”

“Mimi ni daktari. Mwongozaji ni wewe.”

Nakimbia kando yao. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Naogopa mdomo wangu mwenyewe, maana neno lile limekaa nyuma ya meno na linasukuma. Nasema maneno mengine yote ninayoyajua.

“Simama, mjomba!”

“Hilo neno ni langu,” anasema askari, bila kugeuka.

“Pumzika!”

“Halimo kwenye mswada,” inasema kamera.

“Imetosha! Mjomba, imetosha!”

“Unajichosha,” linasema sofa. “Aliye nje ya fremu hasikiki.”

Hapo bibi akaacha kukoroma. Hakufumbua macho. “Hivi huyu binti kalelewa na nani?” aliuliza. “Watu wazima wanapita mbele yake, yeye anawapigia kelele tu. Hata adabu hana?”

Nikaingia kwenye fremu. Ndani kulikuwa na baridi, na miguu yangu ilikuwa haitoi sauti. Nilisimama katikati ya korido, mbele yao, nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa.

“Shikamoo, mjomba.”

Mwizi alisimama kama aliyevutwa shati. Akalitua sofa chini. Askari alimgonga mgongoni, naye akasimama, akaitoa filimbi mdomoni.

“Marahaba, mama,” alisema mwizi.

“Marahaba, mama,” alisema askari. “Hujambo?”

“Sijambo.”

Korido ikaacha kuongezeka. Kwetu hakuna mtu anayeipita salamu mbio, awe mwizi, awe askari, na nilifikiri mambo yamekwisha.

Bajeti akaja. Kichwa chake kilikuwa kinagusa dari, na rambo lilikuwa kubwa kama hema.

“Vizuri,” alisema. “Wamesimama. Sasa sema lile neno, mmoja aende na mmoja abaki. Moyo ni mmoja. Hautoshi watu wawili.”

“Yupi ni mjomba wangu?”

“Wote mmewaandika ninyi.”

Niliwatazama. Mwizi alikuwa na lile kovu dogo la mjomba juu ya nyusi. Askari akavua kofia, akawa nalo pia. Mwizi alitazama sakafu kama mjomba anavyotazama akikosea noti kwaya nzima ikimsikia. Askari alinitazama mimi, kama mjomba alivyonitazama siku aliponikubalia kuigiza, alipoona siamini.

“Sema tu, mama,” alisema mmoja wao. “Kazi ni kazi. Mimi sitasikia maumivu.”

Sikujua ni yupi aliyesema. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

“Sikati,” nikamwambia Bajeti.

“Basi filamu haitaisha.”

“Isiishe.”

Nikamshika mwizi mkono wa kulia, askari mkono wa kushoto. Viganja vyao vilikuwa vimelowa jasho, joto lao moja. Nikageuka nao upande ambao haukuwa na korido wala kitu chochote, tukatoka. Hidaya alitupungia mkono. Nyuma yetu nilisikia rambo likichakarisha, chakacha, chakacha, likitufuata bila haraka. Sikugeuka. Nilisema moyoni, nikifika nyumbani nitafunga mlango. Nilifika. Niliwaingiza wote wawili, nikafunga mlango, nikaamka.

Kumekucha. Nguo yangu ya kulalia imelowa mgongo mzima. Nilipoinuka kitandani nilikuwa nimeshaamua: sini ya kukimbizana haipo. Mwizi atatembea. Askari atamfuata akitembea, na watu wakitaka kucheka watacheka hivyo hivyo.

Mjomba anaishi kwenye chumba cha uani kwetu, peke yake, tangu nyumba yake ya Kilosa ilipochukuliwa na mafuriko. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, anavaa raba.

“Mjomba, leo hukimbii,” nilimwambia kabla sijamfikia. “Nimeifuta ile sini. Hukimbii leo wala kesho.”

Aliinua uso. Alikuwa amechoka kidogo, lakini midomo yake ilikuwa na rangi yake ya kila siku.

“Kuamka gani huko?” alisema, akitabasamu. “Hata salamu hakuna?”

“Nisamehe. Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mama,” alijibu, akainama kufunga kamba za viatu.

Na kutoka chumbani mwake, nyuma ya mlango uliokuwa wazi nusu, sauti ileile ya besi ikaitikia, ikihema:

“Marahaba, mama.”