Rangi ya Kibo

Ukiwa na jambo la kuficha, usilifichie Karatu. Enzi zile lami haijafika, vumbi jekundu liliingia hadi kwenye chungu kilichofunikwa, na maneno ya watu yaliingia hata pale vumbi liliposhindwa. Ndiyo maana Bella alipozaa, na mmoja wa watoto wake akatoka mweupe pee, Margareth msusi alikimbilia kwanza kufunga mlango wa uani.

Bella alikuwa mbwa wa Kijerumani, wale wa polisi, masikio wima, ukoo wake unajulikana mpaka kwa babu wa babu. Margareth aliachiwa na mama mmoja Mzungu wa shamba la kahawa, mteja wake wa nywele, siku aliporudi kwao. Dume lililompanda lilikuwa Sultani, mbwa wa Alex, kijana wa Arusha aliyesimamia hoteli ya kitalii upande wa Rhotia. Makubaliano yalikuwa kwamba watoto wakiacha ziwa, Alex aje awatazame, achague wake, na waliobaki awaombee cheti kwenye chama cha wafuga mbwa. Ila alionya mapema, amekaa kwenye kiti cha saluni anazungusha funguo za gari.

“Mama Vero, weusi tii sawa. Wenye mgongo mweusi na miguu ya kahawia, sawa. Mweupe haandikwi. Akitokea mweupe, anaondolewa siku hiyohiyo, watu wasije wakaanza kuuliza.”

Kuondolewa maana yake ndoo ya maji. Hakuitaja, lakini ilieleweka.

Margareth hakuweza. Angewezaje, jamani? Binti yake Veronika alizaliwa mweupe, wakati yeye Margareth ni maji ya kunde na Leodegar, mumewe, ni mweusi wa kung’aa. Wakwe walipotuma salamu kwamba wanatoka Machame kuja kumwona mtoto, Margareth, mzazi mbichi, alimlaza kichanga chake juani asubuhi nzima ili akolee kidogo. Mtoto akababuka mashavu, rangi ikabaki ileile. Wakwe wakamfunua, wakatazamana. “Hii rangi imetoka upande gani?” Na shangazi yake Leodegar, mwenye rangi hiyohiyo ya Vero, alikuwa amekaa palepale anakunywa mtori wa mzazi. Alimaliza bakuli, akafuta mdomo, akanyamaza. Leodegar akaenda Moshi kutafuta kazi, na naona alizipata nyingi, maana mpaka leo hajapata nafasi ya kurudi.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Yule mbwa mweupe alipofumbua macho na kumtazama, Margareth alijua ndoo haitajazwa.

Vero, ambaye sasa alikuwa darasa la nne, alimwita Kibo, kwa ajili ya theluji aliyoonyeshwa na bibi yake Krismasi moja waliyokwenda uchagani. Akitoka shule hata sare havui, yuko uani na Kibo mapajani. Kibo naye alikuwa mtundu kuliko wenzake wote, mwizi wa ndala, halafu ukimgombeza anakulalia mguuni.

Siri ilidumu mpaka Mama Josephati, jirani muuza mkaa, alipochungulia juu ya uzio.

“Heee, Mama Vero. Huyo Bella wako si alionana na koko wa sokoni? Haya bwana, mbwa humfuata mwenyewe.”

Margareth alicheka, maana ukweni walishamfundisha kucheka hivyo. Kisha akaingia ndani akakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, akalia kwa hasira. Sasa ilikuwa wazi kitakachotokea. Alex akimwona Kibo, atasema Bella alipandwa na koko, watoto wote watakosa cheti, jina la Bella litakwisha, na Kibo ataishia kwenye ndoo. Kumpeleka akafichwe nyumbani kwa mtu haikuwezekana, kwani Alex alikwishaambiwa kwamba wako watano, wote wazima. Alitaka watano, na watano lazima awaone.

“Basi tumgaragaze vumbini tu, Mama,” Vero alisema. “Mimi nikicheza nje si nageuka mwekundu?”

“Vumbi linapukutika, mwanangu.”

Wazo la piko, ile rangi nyeusi ya nywele, lilimjia akiwa kazini. Saluni yake, pamoja na akina mama wa kusuka, ilikuwa na wazee wa kanisa ambao kila Jumamosi walikuja kuficha mvi ili Jumapili wasimame mbele ya watu wakiwa vijana. Piko ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Hakuwahi kumuunguza mtu. Kila mteja mgeni alimgusisha kidogo nyuma ya sikio, akangoja aone kama atawashwa, ndipo ampake.

Ijumaa jioni, kesho yake Alex anakuja, alimfanyia Kibo vivyo hivyo. Alimgusisha nyuma ya sikio, akangoja. Kibo hakujikuna. Basi akavaa glavu, akakoroga piko kwenye kikopo, akaanza kumpaka taratibu kwa mswaki mkuukuu, huku Vero amemshika miguu na kumwimbia. Alikwepa macho, alikwepa pua. Walipomaliza, Kibo alikuwa mweusi tii, mtoto halali wa Sultani, anayumbayumba kwa kujishangaa. Walicheka wote wawili mpaka Margareth akajishika mbavu. Muda mrefu nyumba ile haikuwa imesikia kicheko cha namna hiyo.

Asubuhi Kibo hakuja kuiba ndala. Walimkuta nyuma ya pipa, shingo imevimba, ulimi umejaa mdomoni hata haufungi, anavuta pumzi kwa kukoroma. Margareth alimtuma mtu mbio kwa Hhando, bwana mifugo, naye akafika na pikipiki yake, akapiga magoti, akafunua ule mdomo. Ulimi ulikuwa mweusi.

“Mmempaka nini?”

“Piko. Lakini nilimjaribu kwanza, daktari. Nyuma ya sikio, kama ninavyowajaribu wazee.”

Hhando alimtazama kwa huruma. “Mama, wazee hawajirambi,” alisema polepole.

Margareth aliutazama ule ulimi mweusi. Miaka yote ile ya kupaka vichwa vya watu, hakuna kichwa kilichowahi kujiramba, na ujuzi wake wote ulikuwa wa vichwa. Hhando alimchoma Kibo sindano, akasema wangoje, ila kwa namna alivyokuwa akifunga mkoba wake Margareth alielewa. Kibo alikata roho kabla ya adhuhuri kwenye mapaja ya Vero, ndani ya kanga. Vero aliendelea kumkuna palepale nyuma ya sikio.

Alex alifika mchana, amechana nywele vizuri, akawakuta hivyo. Akawaona wale wanne wanacheza, kisha akaiona kanga.

“Huyu mweusi amepatwa na nini?”

“Alikuwa mweupe,” Margareth alisema. Hakuwa na nguvu tena ya kuficha. “Nilimpaka piko usije ukamwua, nikamwua mwenyewe. Lakini Bella hakutoka nje ya uzio huu, kaka Alex. Hilo hata wewe usinisingizie.”

“Najua,” Alex alisema.

“Unajua nini?”

Alex aliinamisha kichwa. “Sultani alizaliwa pamoja na weupe wawili. Mweupe hatoki kwa mama peke yake, lazima na baba awe na weupe huo damuni. Tulinyamaza ili asikose cheti.”

“Na siku ile umekaa kwenye kiti changu unaniambia mweupe haandikwi, ulikuwa unajua?”

“Nilijua, Mama Vero.”

Margareth alimwona yule shangazi na bakuli lake la mtori, waziwazi, kama yuko hapo uani. Alitaka kumtukana Alex matusi ya kumtosha yeye na ukoo mzima wa Machame, lakini akamwonyesha mlango wa uani tu.

“Nenda,” alimwambia. Alex akaenda, hata mbwa wa kuchagua hakumkumbuka.

Vero alitaka Kibo azikwe na rangi yake. Basi Margareth akaleta beseni, maji ya moto na sabuni ya kufulia, akamwosha. Akamsugua mgongo, akamsugua masikio, maji yakabaki meupe. Piko haikutoka. Yeye mwenyewe ndiye aliyezoea kuwaambia wazee kwa majivuno kwamba hii haitoki, mzee, mpaka nywele mpya ziote. Aliendelea kusugua vivyo hivyo, machozi yanamdondokea kwenye povu, na Vero anamimina maji kwa kikombe.

“Mama.”

“Abee.”

“Na mimi uliwahi kutaka kunipaka?”

Mikono ya Margareth ilisimama ndani ya maji. Kusema hapana kulikuwa rahisi, na mtoto angeamini.

“Nilikulaza juani,” alisema. “Ulikuwa na siku chache tu. Ukaungua mashavu.”

Vero alijigusa shavu kwa mkono uliolowa. Kisha akajaza kikombe tena, akamimina.