Maji Mazito ya Bwawa la Tatu

Kila asubuhi saa moja, Kadii alitumbukiza yai bichi katika mabwawa ya chumvi kaskazini mwa Malindi. La kwanza lilikuwa na maji ya bahari tu, na yai lilizama. La tatu lilikuwa limekaa juani majuma mengi, na humo yai lilielea. Msimamizi, Kioko, alimweleza siku aliyoanza kazi: "Kikombe ni kilekile, lakini kimeshiba chumvi. Maji yakikizidi kitu uzito, kikombe kwa kikombe, kitu hicho hupanda juu."

Jumanne moja ya Februari 1984, maji ya bwawa la tatu yalimzidi uzito mamake Kadii, naye akapanda juu. Alizikwa hapo miaka kumi na mitatu nyuma, kabla kampuni haijaleta matingatinga na ramani isiyo na makaburi. Alielea chali, macho wazi.

Kadii aliweka ndoo chini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkorosho wangu u wapi?"

"Waliukata."

"Na nyumba?"

"Ilikuwa pale penye pampu."

Siku nne Kadii alikula chakula cha mchana ukingoni, akimsimulia nani kaolewa na nani kafa. Waliokwangua chumvi bwawa la jirani walimwamkia mama wakipita. Kadii aliomba mvua isinyeshe. Siku ya tano mama alisema, "Nimechoka kuelea, mwanangu. Nataka udongo mgongoni."

Kadii akamwomba Kioko bwawa lifunguliwe maji ya bahari. Kioko alipiga simu ofisini, akasikiliza, akakata.

"Wanasema maji mepesi hayatoi chumvi."

Bahari ilipojaa alasiri ile, Kadii aliufungua mlango wa maji mwenyewe. Mama akaanza kuzama, miguu kwanza. Kadii aliingia hadi kiunoni, akamshika mkono. Alikuwa na mengi hajamwambia. Aliushika mpaka maji yakamfika yeye mwenyewe kidevuni, ndipo akauachia.

Kioko aliandika kwamba mlango ulivunjwa na mawimbi. Mafundi waliuziba kwa saruji, na jua likaendelea na kazi yake. Kufikia Desemba paji la uso la mama lilikuwa limeshatokeza. Ofisi iliagiza chumvi ya upande aliokuwa mama ipakiwe mwisho. Kadii alifurahi kumwona, akaionea haya furaha yake.