Makabati Yaliyomshusha Shangazi Kutoka Vidunda

Wanaume wengi wa Mikumi wakipata chochote mwisho wa msimu huanza na bati au pikipiki. Octavian alianza na jiko la mama yake. Lilikuwa jambo jema, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumpinga.

Aliendesha lori la miwa kule Kidodi, na kila Jumamosi alirudi nyumbani. Safari moja alipeleka mzigo kwenye nyumba ya wageni pale barabarani, akaingia nao mpaka jikoni, akaona makabati meupe yanayong'aa kama sahani. Milango yake ilikuwa laini, haina kishikio hata kimoja. Unaugusa kwa kidole, unafunguka wenyewe. Akarudi na picha kwenye simu. Akamwonyesha mkewe Letisia, akamsimulia mama yake Regina, kisha akamwita fundi Ulimboka aje apime.

Ulimboka alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyasema kwa sauti ya chini mno. Aligonga mbao za makabati ya zamani kwa kifundo cha kidole, akanusa, akachungulia nyuma kama kuna mchwa. Akasema njia ni mbili. Ya kwanza ni kuparua kwa msasa masizi na mafuta ya miaka yote, kubadilisha vishikio na kupaka vanishi, maana mninga wenyewe bado mzima. Ya pili ni kung'oa yote na kuweka mapya. Wachague, yeye atarudi Jumamosi ijayo kusikia.

"Yaacheni kama yalivyo," alisema mama Regina.

Makabati yale aliyatengeneza marehemu mumewe, mzee Gabrieli, mtu wa Vidunda. Vishikio alivichonga kwa vipande vilivyobaki, kwa hiyo hapakuwa na viwili vilivyofanana. Kimoja kilikuwa kama gunzi, kimoja mviringo kama kitumbua, kingine kimechongoka mpaka watu wakamtania kwamba amebandika pembe ya mbuzi. Kila aliyesikia jibu la mama alielewa namna moja tu: mjane bado anamlilia mumewe. Octavian akambembeleza, akamwambia baba hayumo ndani ya kabati. Mama akacheka kidogo, akaendelea kumenya ndizi.

Letisia peke yake alijua kwamba sivyo.

Aliolewa katika nyumba ile miaka mitatu nyuma, akitokea Kidodi, na darasa lake la saba na tabia yake ya kutazama kabla ya kusema. Alianza kutazama wakati wa mavuno ya mahindi. Mama aliacha kuchambua mchele, akasema mgongo unamuuma. Akaacha kutunga uzi kwenye sindano. Mtu akisimama mlangoni, mama alitulia, akageuza uso kwenye mwanga, akangoja. Mgeni akishasalimia tu, mama alimjua kwa sauti, akamchangamkia kwa jina. Na kwa kuwa mdogo ndiye anayeanza kumsalimia mkubwa, na karibu wote waliofika pale walikuwa wadogo kwake, hakuna aliyegundua kitu. Jikoni ndiko alikokuwa mwepesi kuliko wote. Mkono ulipapasa gunzi, akatoa chumvi. Ulipapasa kitumbua, akatoa majani ya chai. Siku moja Letisia aliweka kikombe chekundu mezani, mbele ya macho yake kabisa, akanyamaza. Mama akakisukuma kwa kiwiko, kikaanguka, akamgombeza paka.

Nyumba ile haikuwa na paka.

Basi Letisia akajua kwamba mama haoni ila mwanga na kivuli. Na sababu ya kuficha aliijua pia. Mama mzazi wa Regina alipopofuka aliketishwa kwenye mkeka uani, akalishwa kwa kijiko miaka sita, asiguse tena chungu mpaka anakufa. Kisa hicho mama alikisimulia mara nyingi, na kila mara alikomea pale pale kwenye kijiko. Milango myeupe inayofanana ingemtoa jikoni kwa siku moja. Hata fundi akiparua tu na kuweka vishikio vipya, ingekuwa vile vile.

Lakini jambo ambalo mama mkwe hajakuambia, utamwambiaje mwanawe? Letisia akapita pembeni. Alimwambia mumewe kwamba mninga wa namna ile siku hizi haupatikani, kwamba nyeupe inaonyesha kila alama ya masizi. Octavian akamtania kwamba ameolewa juzi tu na tayari amekuwa kizee cha Vidunda. Wakavutana hivyo siku mbili. Mwishowe Octavian akasema basi, aitwe shangazi Magdalena aamue. Huyo ndiye dada mkubwa wa marehemu. Kazi ni ya mdogo wake, akisema ng'oa yanang'olewa, akisema acha yanaachwa. Mama alikubali upesi. Alijua wifi yake anavyoyapenda makabati yale.

Shangazi alishuka kutoka mlimani Vidunda Jumamosi ile ile ambayo fundi alingojewa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mkongojo mkono mmoja na kapu la maharage mkono wa pili. Kwa salamu alikuwa mkali. Watoto wa kule mlimani wakimwona huacha mchezo, wakapanga foleni ya shikamoo. Alipita uani bila hodi, kwani hodi kwa mdogo wake apige ya nini, akasimama kwenye mlango wa jikoni. Hapo akangoja wifi yake amsalimie.

Letisia alikuwa bombani, ndoo imejaa nusu. Aliona yote kupitia dirisha. Mama aligeuza uso kwenye mwanga. Kivuli kirefu kilikuwa kimejaa mlangoni, na tangu asubuhi alikuwa akimngoja Ulimboka, ambaye salamu zake hata ukiwa karibu huzisikii. Akamtazama shangazi usoni, wazi kabisa, akatabasamu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Shangazi aliweka kapu chini.

"Leo mimi ndiye mwanao, Regina?"

Hakungoja jibu. Alirudi uani na kapu lake, akaketi kwenye kigoda, akamwita Octavian. Aliyoyasema yalisikika mpaka kwa jirani: kwamba yeye alimbeba Gabrieli mgongoni wakati huyo Regina hajui hata kufunga kanga, kwamba ameteremka mlima mzima na magoti yake mabovu aje kuitetea kazi ya mdogo wake, akalipwa marahaba.

"Ng'oa," alisema. "Ng'oa yote, weka hayo meupe yako. Adabu imekwisha nyumba hii, makabati yabaki ya nini?"

Octavian alikuwa amepata alichokitaka, na uso wake haukuwa na furaha.

Letisia aliingia jikoni. Mama alikuwa amesimama pale pale, kiganja juu ya kabati.

"Aliyesimama mlangoni ni shangazi, mama."

"Nimesikia. Wewe unajua tangu lini?"

"Tangu mavuno."

"Na mumeo?"

"Hajui. Wewe hukuniambia, mimi ningemwambia nini?"

Letisia angeweza kutoka akasema yeye. Maneno alikuwa nayo. Akamwacha mama apime mwenyewe: kuitwa mtu asiye na adabu mpaka kaburini, au kwenda kukaa mkekani. Kwa mwanamke aliyefundishwa kupiga goti kabla hajaota meno ya pili, la kwanza lilikuwa zito zaidi.

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akatoka akifuata ukuta, na safari hii hakuuficha mkono unaopapasa. Akaifuata sauti mpaka karibu na kigoda. Akapiga goti, nusu akielekea kwa shangazi, nusu akielekea kwenye kapu la maharage.

"Shikamoo, wifi. Sikukudharau. Sioni."

Shangazi alimtazama, kisha akainuka taratibu, akasogea kimya mpaka upande wa pili. Uso wa mama ulibaki pale pale, ukielekea kigoda kitupu. Shangazi alipoona hivyo akaketi chini vumbini kando yake, na hayo magoti yake mabovu.

"Marahaba," alisema. Kisha akaguna. "Na mimi nimevaa kitenge kipya ili unionee wivu."

Mama akacheka, kicheko kikageuka kuwa kilio, wakashikana mikono.

Octavian alipouliza kwa nini alificha, mama alimsimulia tena habari ya kijiko. Shangazi akalirudisha neno lake: makabati yatabaki. Fundi ataparua mlango mmoja mmoja, jioni urudi mahali pake, na vishikio asiviguse hata kwa msasa. Kuhusu macho, Jumanne yeye na wifi yake wataongozana hospitalini Kilosa. Mama akasema atafikiri. Shangazi akamwambia afikirie njiani.

Ulimboka alipofika akapewa masharti hayo, akasema hajawahi kufanya kazi ya namna hiyo, akatafuta bisibisi.

Mama alirudi jikoni kukatia maharage vitunguu. Octavian akamfuata, akamtoa kisu mkononi polepole, akamvutia kiti.

"Kaa, mama, upumzike. Letisia atapika."

Sauti yake ilikuwa ya upendo mtupu. Mama akakaa. Mikono yake ikalala mapajani, haina kazi.

Letisia hakuwahi kumnyang'anya mumewe kitu tangu aolewe. Alinyoosha mkono, akakichukua kile kisu kwa Octavian, akaweka mpini kwenye kiganja cha mama.

"Bado vitunguu viwili, mama," alisema.

Mama akasimama, akapapasa, akakipata kitunguu, akakata. Vipande vilitoka vyembamba, sawasawa. Octavian alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kumshikia fundi mlango wa kwanza, bawaba zilegezwe.